Chakri za Unga wa Mchele

Mchele wa Usukuma si wa wali na vitumbua tu. Hapa Buhongwa tunaupendea chakri, ambazo watu wa kusini mwa India huziita murukku, yaani zilizosokotwa. Twaa vikombe 2 vya unga wa mchele, kimoja cha unga wa dengu, chumvi, ufuta, na samli kijiko kimoja, ikizidi zitavunjika. Kanda kwa maji ya uvuguvugu. Asiye na chombo cha kukamulia tambi asokote kwa vidole, kama wafanyavyo wengine huko. Kaanga hata povu litulie, ndipo maji yamekwisha. Zikipoa, zitie koponi upesi; unyevu wa ziwa huzilegeza.

Watoto wasikaribie karai. Mafuta yakishika moto, msimwagie maji kamwe, maana huurusha hata darini; funikeni kwa sinia la bati, kisha ondoeni kuni.