UTUNZAJI WA DISKI ZA KUMBUKUMBU ZA SERIKALI: MFANO WA GEITA NA SHINYANGA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa kumbukumbu nyingi za umma, ambazo zamani ziliwekwa katika majalada na makabati, sasa zimo ndani ya diski za kompyuta. Jalada likiliwa na mchwa, karani huona. Diski ikianza kuharibika, mara nyingi hakuna aonaye mpaka siku kumbukumbu inapohitajika. Makala haya yanaeleza namna mitambo hiyo inavyochunguzwa na kutunzwa, kwa mfano wa mikoa ya Geita na Shinyanga, ambako kumbukumbu hugusa moja kwa moja riziki ya watu.

Katika vijiji kama Nyarugusu na Rwamgasa, mchimbaji mdogo humiliki eneo lake kwa leseni, ambayo kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hudumu miaka 7. Tangu Machi 2019 mkoa wa Geita una soko rasmi la madini, ambako mauzo ya dhahabu huandikwa na mrabaha wa Serikali hukokotolewa. Watu wawili wanapogombania duara moja, neno la mwisho hutafutwa katika kumbukumbu. Ikipotea, mwenye haki hubaki na maneno matupu, na Serikali hukosa msingi wa kuamua.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Chombo cha namna hiyo hakidumu milele. Kwa sababu hiyo ofisi huunganisha diski kadhaa kwa mpangilio uitwao RAID, ulioelezwa mwaka 1988 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika mipangilio mingi ya aina hiyo, diski moja ikifa, zilizobaki huziba pengo na kazi huendelea.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Kwa kuwa kazi inaendelea, hakuna anayelalamika. Na kwa kuwa hakuna anayelalamika, diski iliyokufa haibadilishwi. Panapokuwa na akiba ya diski moja tu, ikifa ya pili, kumbukumbu zote hupotea kwa pamoja. Hivyo basi, kinachoangamiza ofisi si kuharibika kwa diski moja, bali ni kutojulikana kwake kwa wakati.

Mazingira ya ukanda wa dhahabu huongeza mzigo. Miezi ya kiangazi vumbi ni jingi, na penye makarasha ya kusagia mawe huwa laini zaidi. Vumbi hilo huziba feni na matundu ya hewa, na joto la diski hupanda. Mvua zinapoanza, radi za ukanda wa Ziwa Victoria hutikisa umeme. Visiwani adui ni hewa ya chumvi na unyevu, lakini suala la umeme ni lile lile: wakazi wa Unguja hawajasahau kukosekana kwa umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Kwa hiyo, kila ofisi yenye mtambo wa diski yafaa izingatie yafuatayo:

(a) Mtumishi mmoja ateuliwe kwa jina, na mwingine wa kumsaidia, akague taa za mtambo kila asubuhi na kutia sahihi katika daftari. Taa nyekundu au ya chungwa itolewe taarifa siku hiyo hiyo.

(b) Taarifa za afya ya diski, yaani joto na idadi ya sehemu zisizosomeka, ziandikwe kila wiki. Idadi ikipanda, diski ibadilishwe kabla haijafa.

(c) Diski ya akiba, isiyopungua ukubwa wa zile zinazotumika, iwepo ofisini. Kusubiri ununuzi ni kukaa katika hatari.

(d) Kabla ya kuchomoa diski, namba yake ihakikiwe na watu wawili. Kuchomoa diski nzima badala ya mbovu kunaweza kuangamiza yote.

(e) Feni na vichujio visafishwe mara kwa mara, hasa kiangazi, na betri ya akiba ya umeme ijaribiwe.

(f) Nakala ya kumbukumbu itunzwe katika jengo lingine, na irejeshwe kwa majaribio. Nakala isiyowahi kujaribiwa haiwezi kutegemewa.

Ieleweke kwamba uchunguzi pekee hautoshi. Utafiti wa kampuni ya Google uliotolewa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote kati ya zile kuu. Aidha, mpangilio wa RAID haumkingi mtu aliyefuta jalada kwa makosa, wala haukingi moto au wizi. Ndiyo maana kipengele (f) hakina mbadala.

Mwananchi naye anashauriwa kutunza vizuri leseni, hati na stakabadhi zake. Mtumishi akumbuke kwamba nyuma ya kila taa ndogo ya mtambo ipo haki ya mtu asiyemfahamu, naye amekabidhiwa kuilinda.