Ngozi kavu si ngozi yenye kiu

Hapa kwetu mtu akijiona amepauka, jawabu ni moja tu: mafuta. Ya nazi, ya mgando, yoyote yaliyo karibu. Wiki mbili baadaye kipaji kimejaa chunusi na mashavu yangali yanabana, basi lawama zote kwa mafuta. Mafuta hayana kosa. Ngozi hukauka kwa njia mbili, na dawa zake si moja.

Ngozi kavu ni ile isiyotoa mafuta ya kutosha. Ndiyo maumbile yake. Mtu huzaliwa nayo, au humjia na umri, hasa kina mama wakishakatika hedhi. Huwasha, hupukutika unga kwenye miguu na viwiko, kusi na kaskazi. Ngozi iliyoishiwa maji ni hali ya kupita, na humpata yeyote, hata yule ambaye ikifika adhuhuri pua yake inang'aa. Juu inateleza, ndani inabana, chini ya macho mistari midogo, uso umefifia.

Utaniuliza, maji yatatuishaje na bahari iko hapa? Kaskazi ikivuma, tangu Disemba hadi Machi, jua ni kali na jasho halikatiki. Wengine wanashinda ofisini chini ya AC inayokausha hewa. Wengi tunaoga maji ya kisima yenye chumvi, na sabuni ya kipande. Ngozi ina asidi kidogo, pH yake kama 5. Sabuni hiyo hufika 9 au 10, huondoa uchafu pamoja na kinga. (Wanaooga kwa sabuni ya kufulia wanajijua.)

Mafuta ya nazi hayaongezi maji. Kazi yake ni kufunika yaliyopo yasitoroke. Ukijipaka ngozi ikiwa kavu, umefunika chungu kitupu. Toka kuoga, jipanguse kwa kugusagusa tu, na ungali na umajimaji jipake. Mwenye ngozi kavu apake mafuta mazito. Mwenye ngozi iliyoishiwa maji aanze na losheni nyepesi yenye gliserini, ambayo huvuta maji. Mafuta juu yake kidogo, na kama uso una chunusi aache ya nazi, maana huziba vinyweleo. Baada ya kutawadha ni wakati mzuri pia, wala hutakuwa na wasiwasi kwamba maji hayakufika. Ramadhani, gawanya maji yako kuanzia futari hadi daku. Kubugia lita nzima karibu na adhana utaishia chooni. Na liwa, kwa uzuri wake wote, ikikaukia usoni huvuta unyevu. Ioshe kabla haijapasuka.

Linalonitia hofu ni jingine. Msichana ana uso uliofifia kwa kukosa maji, anakwenda dukani, anaambiwa dawa yake ni krimu ya kung'arisha. Nyingi ya hizo zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi. KEBS imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini mkorogo unauzwa mchana kweupe. Steroidi hukondesha ngozi, na ngozi iliyokonda haiwezi kushika maji. Akiacha uso unawaka, akirudi unazidi kuharibika. Na zebaki hupenya mwilini ikadhuru figo.

Wazee nao wana magaga. Kwa mwenye kisukari, ufa wa kisigino si jambo la kuchekea: miguu ikishapoteza hisia hausikii, uchafu unaingia, kidonda kinakaa, na wako waliokatwa mguu kwa mwanzo mdogo namna hiyo. Mkagueni mama nyayo kila usiku, mpakeni mafuta mazito au krimu ya yurea kutoka duka la dawa, si katikati ya vidole, kwani huko unyevu huleta fangasi. Mkiona ufa unatoa damu au maji, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo.