Nyuzi, Heka na Debe: Kweli au Si Kweli?

Kutoka mjini Korogwe hadi Vugiri si mwendo mrefu, lakini anayepanda huuacha mkonge bondeni na kukuta chai mlimani. Korogwe iko kwenye mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari. Vugiri, kwenye ukingo wa kusini wa milima ya Usambara Magharibi, inafika mita 1,000 na zaidi. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi sita hivi, ndiyo maana sweta lililomkera mtu stendi ya Korogwe linampa raha akishafika juu.

Katika njia hiyo hiyo vipimo navyo hubadilika. Zahanati wanahesabu nyuzi, shambani heka, sokoni debe na sado, gereji upepo, na kwa fundi seremala ni inchi. Kila kipimo kina kauli zake ambazo tumezipokea kwa wakubwa bila kuziuliza. Nyingine ni sahihi, nyingine zinatutoa pesa mfukoni. Tuzipitie moja moja.

1. "Nyuzi 30 za Korogwe ni joto mara mbili ya nyuzi 15 za Vugiri."

Si kweli. Hesabu ya darasani inasema 15 mara mbili ni 30, lakini sifuri ya Selsiasi haina maana kwamba joto limekwisha. Ni mahali maji yanapoganda tu, mahali palipochaguliwa na watu. Joto lenyewe hukoma chini sana, kwenye nyuzi 273.15 chini ya sifuri, na huko ndiko kipimo cha Kelvini kinakoanzia kuhesabu. Kwa kipimo hicho, asubuhi ya Vugiri yenye nyuzi 15 ni Kelvini 288, na mchana wa Korogwe wenye nyuzi 30 ni Kelvini 303. Tofauti ni asilimia tano hivi. Mwili unaihisi kubwa kwa sababu binadamu huishi vizuri katika nafasi nyembamba sana ya joto, tena upepo na unyevu huongeza chumvi.

2. "Kipima joto kikisoma 98.6, mtoto anaungua."

Si kweli. Mama amenunua kipima joto cha betri duka la dawa, amekiweka kwapani kwa mtoto, kimelia, na kwenye kioo panasomeka 98.6. Amezoea kusikia 37 na 38, kwa hiyo lazima ashtuke. Lakini atazame pembeni mwa namba: kuna herufi ndogo F. Mtoto yuko kwenye Farenhaiti 98.6, yaani Selsiasi 37 kamili. Ni mzima. Vipima joto vingi vya aina hii husoma kwa mizani zote mbili, na kitufe kikibonyezwa kwa muda hubadilisha C kuwa F bila mwenyewe kujua.

Kwa Farenhaiti, homa huanza kuhesabiwa kwenye 100.4, ambayo ni Selsiasi 38. Kubadilisha ni rahisi: toa 32, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa. Aliye na ndugu Marekani anayesema kwenye simu kwamba leo kwao ni 90 anaweza kukadiria kwa kichwa: toa 30, gawa kwa mbili, upate 30. Jibu kamili ni 32, lakini umeshajua kwamba ndugu yako yuko kwenye joto la Korogwe.

3. "Celsius mwenyewe alikigeuza kipimo chake juu chini."

Si kweli, ingawa inakaribia. Anders Celsius, mwanaastronomia wa Uppsala nchini Sweden, alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742 aliweka sifuri pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda. Kadiri joto lilivyozidi, namba ilishuka. Alifariki mwaka 1744, na muda mfupi baadaye kipimo kikageuzwa kuwa hivi tunavyokijua. Kwa hiyo aliyegeuza si yeye. Daniel Gabriel Fahrenheit alikuwa amemtangulia. Kipimo chake ni cha mwaka 1724, na sifuri yake ilitokana na mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi.

4. "Kuna mahali Selsiasi na Farenhaiti zinasoma namba moja."

Kweli. Ni nyuzi 40 chini ya sifuri. Usambara haipajui.

5. "Maji huchemka nyuzi 100 popote pale."

Si kweli. Nyuzi 100 ni za pwani, Tanga au Pangani. Ukipanda, hewa inayokandamiza maji hupungua, nayo huchemka mapema: karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Vugiri sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 au 97, Lushoto mjini kwenye 95 hivi, na kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895, kwenye 80 na ushee.

Hapa ndipo penye siri ya maharage ya mlimani. Maji yakishachemka hayapandi tena joto hata ukisukuma kuni. Unachoongeza ni mvuke tu. Maharage yaleyale yataiva haraka bondeni na kuchelewa juu. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, au kutumia sufuria ya presha inayofungia mvuke ndani. Kuhusu maji ya kunywa usiwe na hofu. Vijidudu vya kuharisha hufa kabla maji hayajafika nyuzi hizo, kwa hiyo maji yaliyotokota vizuri Vugiri ni salama sawa na yaliyotokota Tanga.

6. "Heka moja ni mita 70 kwa 70."

Si kweli, na hii ndiyo inayoumiza wengi. Ekari, ambayo wengi wetu tunaiita heka, ni mita za mraba 4,047. Shamba la mraba lenye ukubwa huo lina upande wa mita 63.6. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, yaani ekari moja na zaidi ya sehemu moja ya tano.

Hiyo 70 imetoka wapi? Imetoka kwenye hatua. Ekari ni kipimo cha Kiingereza, nacho kina yadi za mraba 4,840. Yadi 70 kwa 70 ni 4,900, karibu sana na ekari yenyewe. Aliyefundisha hatua 70 kwa 70 alikuwa na maana ya hatua ndefu ya yadi moja, sentimita 91. Baadaye yadi ikasahaulika, mita ikaingia, lakini 70 ikabaki palepale.

Sasa tazama hasara inavyotembea. Kibarua anayelima kwa heka akipimiwa kwa tepu mita 70 kila upande, amelima ekari moja na robo kasoro kidogo na kulipwa ya moja. Mnunuzi akipimiwa kwa hatua za mtu mfupi, za sentimita 75, atapata mita 52.5 kila upande. Hizo ni mita za mraba zisizozidi 2,760, kama theluthi mbili ya ekari, na amelipia nzima. Namba ni ileile, 70, kila mmoja ameumia upande wake.

Kwa Vugiri kuna jambo la ziada: mteremko. Ramani na hati za ardhi huhesabu eneo kama limelazwa tambarare. Kwenye kilima chenye mwinuko wa nyuzi 30, tepu ya mita 70 iliyolazwa kufuata ardhi ni mita 60 na kitu tu kwenye ramani. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa na hati ikamkatalia.

7. "Heka ni kifupi cha hekta."

Si kweli. Hekta moja ni mita 100 kwa 100, nayo inabeba ekari mbili na nusu kasoro kidogo, 2.47. Kosa hili hujionyesha wakati wa mbolea na dawa. Maelekezo yakisema mifuko miwili kwa hekta, anayeitia yote kwenye heka moja ametumia karibu mara mbili na nusu ya kinachotakiwa. Pesa imekwenda, na mimea inaweza kuungua.

8. "Debe ni kilo 20."

Kweli kwa maji, si kweli kwa mahindi. Debe ni kipimo cha ujazo. Kilo ni kipimo cha uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Lita moja ya mahindi makavu ina gramu 700 na ushee, kwa hiyo lita 20 za mahindi zikifutwa usawa wa mdomo ni kilo 14 na ushee. Wanunuzi wanaofuata mahindi Handeni wanalijua hilo, ndiyo maana wanataka kilima juu ya debe. Hata debe la zamani halikuwa lita 20. Lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, lita 18 na kidogo.

9. "Lumbesa ni makubaliano ya muuzaji na mnunuzi, haimhusu mwingine."

Si kweli. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ana mamlaka ya kumchukulia hatua anayefungasha lumbesa, yaani kilemba juu ya gunia. Mkulima anayeuza kwa gunia bila mizani anatoa zawadi asiyoijua ukubwa wake.

10. "Kilo na mita tulianza kuzitumia baada ya uhuru."

Si kweli. Pwani ilikuwa na vipimo vyake: kibaba, pishi, na frasila ya pauni 35 hivi iliyopimia karafuu za Zanzibar. Wajerumani walikuja na mita, ambayo nchi yao ilikuwa imeihalalisha kuwa kipimo cha taifa mwaka 1872. Ushahidi umelala chini Korogwe hadi leo: reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ina upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Waingereza walipochukua nchi wakaleta pauni, galoni, yadi na ekari. Tanzania huru ikarudi kwenye mita na kilo mwishoni mwa miaka ya 1960. Ajabu ni kwamba reli mpya ya SGR ina upana wa milimita 1,435, na hiyo si namba ya mita bali ni futi nne na inchi nane na nusu za Uingereza.

11. "Basi inchi na pauni zimekufa Tanzania."

Si kweli. Mbao ni mbili kwa nne, za inchi. Bomba la maji ni la nusu inchi, lakini nondo ya jirani yake ni ya milimita 12. Runinga ni inchi 32. Ukimwambia fundi wa gereji akutie upepo 30, umemwambia pauni 30 kwa kila inchi ya mraba. Na rubani anayetua Kilimanjaro anahesabu kimo chake kwa futi.

12. "Wamarekani hawaijui mita."

Si kweli. Sheria ya Marekani inaruhusu vipimo vya mita tangu mwaka 1866, na tangu mwaka 1959 inchi yenyewe imefungwa kwenye milimita 25.4 kamili. Wanachokosa ni kuvitumia nyumbani. Gharama ya kuchanganya imewahi kuonekana kwa jirani zao: Julai 1983 ndege ya Air Canada iliyohitaji kilo 22,300 za mafuta ilihesabiwa kwa pauni, ikaruka na chini ya nusu ya ilichohitaji, na injini zikazimika angani. Rubani aliitua bila injini kwenye uwanja wa zamani wa Gimli, na hakuna aliyefariki.

Hukumu

Hakuna kipimo kibaya kati ya hivi. Farenhaiti inapima homa sawasawa na Selsiasi, na ekari inagawa ardhi vizuri kama hekta. Kinachotudhuru ni namba inayotembea peke yake: 70 isiyosema ni hatua au mita, 98.6 isiyosema ni C au F, debe lisilosema lina kilo ngapi. Kwa hiyo, ukiuziwa shamba, nenda na tepu na shahidi, muandikiane kwa mita za mraba. Ukiuza mazao, dai mizani yenye alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, ambayo hutakiwa kuhakikiwa kila mwaka. Ukishika kipima joto, isome herufi kabla ya namba. Na mtu akikutajia namba tupu, muulize ya kipimo gani kabla hujatoa pesa.