KWA NINI MSHALE HUKOSA SHABAHA?

Upinde na mshale ni miongoni mwa zana za kale kabisa za binadamu, na katika nchi iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria zana hizo hazijawa vitu vya makumbusho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, wanavijiji waliunda vikundi vya ulinzi vya Sungusungu, ambavyo silaha zao zilikuwa pinde na mishale. Mwaka 1989 vikundi hivyo vilitambuliwa na sheria. Aidha, katika Wilaya ya Meatu, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, wako Wahadzabe, ambao hujipatia nyama kwa upinde.

Kwa watu hao kukosa shabaha si jambo la mchezo. Kwa mwindaji, ni mlo uliokimbia. Kwa mlinzi wa usiku, ni hatari kwa mtu asiye na hatia. Hata hivyo, mshale unapokosa, watu huwa wepesi kusema kwamba mpigaji hana jicho au kwamba upinde una nuksi. Majibu hayo hayamsaidii mtu kuupiga vyema mshale unaofuata. Sayansi huuliza swali jingine: mshale umekosa kwa namna gani?

Safari ya mshale

Mpigaji avutapo upote, yaani kamba ya upinde, nguvu za misuli yake huwekwa akiba katika mti uliopindika. Aachiapo, sehemu kubwa ya akiba hiyo huhamia katika mshale na kuupa mwendo. Tuseme mshale unatoka kwa mwendo wa meta 50 kwa sekunde, na shabaha iko umbali wa meta 20. Tukiacha ukinzani wa hewa, mshale utafika baada ya sekunde 0.4. Katika muda huo mvutano wa dunia utaushusha kwa ½ × 9.8 × 0.4 × 0.4, yaani meta 0.784, au sentimeta 78.4. Mpigaji stadi hukuzoea kushuka huko, naye huelekeza mshale juu kidogo.

Sasa tuseme mara ya pili hakuuvuta upote hadi mwisho, na mwendo ukawa meta 45 kwa sekunde. Mshale utashuka karibu sentimeta 96.8. Jicho ni lile lile na mkono umeelekezwa pale pale, lakini mshale umepiga zaidi ya sentimeta 18 chini ya ule wa kwanza.

Tena, mshale hauruki ukiwa umenyooka kama tunavyodhani. Upote huusukuma kwa ghafla kutoka nyuma, nao hupinda, ukapita ubavuni mwa upinde huku ukitikisika kama samaki majini. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Marekani, Clarence Hickman, alilionyesha jambo hilo kwa picha za sinema za kasi kubwa. Hivyo wano, yaani ufito wa mshale, sharti liwe na ugumu unaolingana na nguvu za upinde. Kwa mpigaji anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto, wano gumu mno huelekea kushoto, na lililo laini mno huelekea kulia. Wahadzabe hupasha wano moto, kisha hulinyoosha kwa mikono na meno. Kazi hiyo ni marekebisho ya kifizikia kamili.

Tazama kundi, usitazame mshale mmoja

Mshale mmoja uliokosa hautuambii mengi. Piga mishale kumi, kisha tazama ilivyokaa.

Ikiwa yote imekusanyika mahali pamoja, lakini mbali na shabaha, hilo ni kosa la kudumu. Mkono wa mpigaji ni thabiti. Kilichokosewa ni mpangilio. Chunguza namna ya kulenga, ugumu wa wano, na mahali mkia wa mshale unapokaa juu ya upote.

Ikiwa imetapakaa huku na huko, hilo ni kosa la kutawanyika. Ikitapakaa zaidi juu na chini, shuku uvutaji usio sawa. Ikitapakaa kushoto na kulia, shuku mkono unaousokota upinde, au vidole visivyoachia upote kwa namna moja.

Kisha itie mishale namba. Ikiwa mshale wa nne ndio unaopotoka kila mara, kosa ni lake: huenda umepinda au manyoya yake yamelegea. Lakini ikiwa leo unapotoka wa pili na kesho wa saba, usiilaumu mishale. Rekebisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha upige tena. Anayebadili mambo matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililomponya.

Upinde wa kapi

Mwaka 1969 Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani, alipata hataza ya upinde wenye kapi kwenye ncha zake. Kapi hizo hupunguza nguvu inayohitajika upote ukishavutwa hadi mwisho, hivyo mpigaji hupata nafasi ya kulenga bila kutetemeka. Lakini zana hiyo huongeza mahali pa kukosea. Kamba moja ikirefuka, kapi mbili hazitazunguka pamoja, na mkia wa mshale utatoka ukiwa umeinuka au umeshuka. Ili kulijua hilo, wapigaji hupitisha mshale katika karatasi iliyotandazwa karibu, wakasoma umbo la mpasuko. Chombo ni kipya, lakini njia ya kutafuta kosa ni ile ile.

Kutoka upinde hadi mizani

Somo hili halikomei kwenye upinde. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita mchimbaji mdogo huuza jasho lake kwa gramu. Tuseme mizani fulani hupunguza gramu 0.2 kila inapopima. Mchimbaji akiipima dhahabu ile ile mara kumi, atapata jibu moja mara zote kumi, na huenda akaridhika kwamba mizani ni ya kweli. Kumbe hayo ni sawa na mishale iliyokusanyika mbali na shabaha! Kurudia kipimo hufichua kosa la kutawanyika tu. Kosa la kudumu hufichuliwa kwa kulinganisha na kitu chenye uzito unaojulikana, na ndiyo sababu mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Akiuza mara kumi kwa mizani ile, mchimbaji atakuwa amepoteza gramu 2 bila kuibiwa hata punje moja mbele ya macho yake.

Zoezi kwa wanafunzi

Mkisimamiwa na mwalimu, tengenezeni upinde mdogo na mishale butu, na shabaha ya nyasi zilizofungwa. Mtu yeyote asisimame mbele ya mpigaji, wala upote usiachiwe bila mshale, maana nguvu zote zitaurudia upinde na kuuvunja. Pigeni mishale kumi. Pimeni umbali wa kila mmoja kutoka katikati ya shabaha, kushoto au kulia, juu au chini, kisha tafuteni wastani.

1. Wastani uko umbali gani kutoka katikati ya shabaha? Hilo ni kosa la aina gani?
2. Mishale imetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani huo?
3. Ni jambo gani moja mtakalolibadili kwanza, na kwa sababu gani?