Kufungua Chuma cha Gurudumu la Nyuma: Usiitegemee Jeki Peke Yake



Katika gereji za Jinja na Mbale wenzetu wengi hutengeneza Corolla za miaka ya 1990. Tope la njia za miwa na mashimo ya njia za Mlima Elgon huchakaza sehemu za nyuma. Ndipo fundi huagizwa kufungua kile chuma kinachobeba habu na beringi ya gurudumu la nyuma. Kazi hiyo hufanywa hivi.

Kwanza, weka gari mahali tambarare na pagumu. Zuia magurudumu ya mbele, pande zote mbili, kwa sababu breki ya mkono itaachiliwa ili dramu itoke. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Inua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma chini ya bodi. Jeki huinua, stendi hubeba. Tofali usilitumie, hupasuka bila kumwonya mtu.

Pili, toa gurudumu na dramu. Vumbi la breki usilipulize, maana hudhuru mapafu, lilowanishe. Fungua bomba la breki, uzibe mdomo wake. Fungua bolti nne za habu, na sahani ya breki uifunge pembeni kwa waya.

Tatu, fungua mikono mitatu ya chuma: mmoja uendao mbele na miwili ya ubavuni. Hii miwili hushikwa na bolti moja ndefu, nayo ndiyo huganda kwa kutu. Itie mafuta ya kulegeza kutu, ungoje. Mwisho toa bolti mbili za chini ya shokapu. Nati ya katikati, juu ya shokapu, usiiguse. Ndiyo inayobana springi, na springi ikiruka yaweza kuua.

Ukirudisha, kaza mikono kabisa gari likiwa limekalia magurudumu yake, la sivyo bushi za mpira hukatika mapema. Toa hewa katika breki, kisha mkao wa magurudumu upimwe.

Je, msimamizi akisema "harakisha" na stendi hakuna? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake kazini. Usigombane peke yako. Mwite mwakilishi wa chama, mwende pamoja. Stendi hununuliwa dukani. Mkono wa mtu hauna spea.