Boti Ndogo Zimempa Mvuvi Njia, Hazijampa Samaki

Zamani mvuvi wa mshipi wa Cape Cod, jimboni Massachusetts, alihitaji ufito mrefu, viatu vya mpira, chambo na kibali cha kupitisha gari mchangani. Siku hizi orodha ya gharama inaanzia kwenye chombo. Watu waliozoea kusimama penye mawimbi usiku kucha wananunua kayaki za pedali na boti za alumini, wawafuate samaki wasiokaribia tena ufuo.

Samaki wanayemwinda ni striped bass, mwenye mistari myeusi ubavuni. Wengi wao huzaliwa kwenye mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake, na wakikua hupanda kaskazini hadi Maine wakati wa kiangazi. Tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kwamba akiba yao imepungua mno na bado wanavuliwa kupita kiasi.

Ufukweni kuna matatizo mengine. Hadi mwaka 1962 Massachusetts ilimlipa zawadi aliyeua sili. Mwaka 1972 sheria ya shirikisho ikawalinda, nao wakarudi kwa wingi. Sili hujifunza upesi: humsubiri mvuvi, kisha humnyakua samaki akiwa kwenye ndoana. Tena kuna ndege mdogo wa mchangani, piping plover, anayelindwa na sheria tangu 1986. Akitaga, sehemu za ufuo hufungwa kwa magari, mara nyingi katika majuma ambayo uvuvi umeshika kasi.

Kutoka na boti ufukweni si jambo geni huko. Katika miaka ya 1960 wapo waliobeba boti za alumini kwa magari yao, wakazisukuma kupita mawimbi, na wakauza samaki kulipia petroli na chambo. Tofauti ni kwamba boti ile ilikuwa nyongeza ya ufuo. Ya leo inachukua nafasi yake.

Sheria nayo inamsukuma mvuvi majini. Massachusetts hairuhusu nyavu katika uvuvi wa kibiashara wa samaki huyu. Ni mshipi na ndoana tu, na samaki wa kuuzwa lazima afike inchi 35, yaani sentimita 89 hivi. Kwa kanuni za miaka ya karibuni, mwenye leseni ya boti ameruhusiwa samaki 15 kwa siku, na mwenye leseni ya mshipi bila boti wawili tu. Bei sokoni ni ileile, lakini mmoja anaweza kuuza zaidi ya mara saba ya mwenzake.

Gharama ndizo zinazowatenganisha wanunuzi. Boti ya alumini inadai mashine, trela, mafuta, bima na mahali pa kuishushia majini. Kayaki hupanda juu ya gari dogo na haili petroli. Kampuni ya Hobie ilipoleta pedali zake mwaka 1997, mikono ya mvuvi ilibaki huru kushika ufito huku miguu ikiendesha chombo. Lakini upepo ukikaza, mwenye kayaki anarudi nyumbani, na maji baridi ya Mei humlegeza aliyepinduka ndani ya dakika chache. Wenye mashine nao wana sheria yao: tangu Aprili 2021, nahodha wa boti iliyo chini ya futi 26 lazima ajifunge kamba ya kuzima injini anapokwenda kasi, akianguka ijizime.

Kwa hiyo fedha zinahama kutoka duka la chambo kando ya ufuo kwenda kwa watengenezaji wa boti, mafundi wa mashine na wauzaji wa vifaa vya kutafutia samaki kwa mwangwi. Samaki ni walewale. Wavuvi wa burudani ndio wanaosababisha sehemu kubwa ya vifo vyao, na wasimamizi hukadiria kuwa kati ya kila samaki 100 wanaorudishwa majini, tisa hufa. Boti inayomwezesha mtu kunasa na kuachia wengi zaidi inaongeza hesabu hiyo hata asipobeba kitoweo.

Mwaka 2022 samaki waliozaliwa kwa wingi mwaka 2015 walifikia kimo cha kuvuliwa, na mavuno ya wavuvi wa burudani yakakaribia kuongezeka maradufu. Mwaka uliofuata Tume ya Uvuvi ya Majimbo ya Pwani ya Atlantiki ikatoa amri ya dharura: baharini, mvuvi wa burudani asichukue samaki aliyezidi inchi 31, wakati awali kikomo kilikuwa 35. Kima cha chini kilibaki 28.

Anayefikiria kukopa anunue boti aanze na takwimu za Maryland, ambako samaki wachanga wamehesabiwa tangu 1954. Wastani wa muda mrefu ni kama 11 kwa kila wavu unaokokotwa. Mwaka 2023 ulipatikana 1, na kila mwaka kuanzia 2019 hadi 2024 ulikuwa chini ya wastani. Samaki huyu huchukua takriban miaka saba kufika inchi 28. Mkopo wa boti unaochukuliwa sasa utalipwa katika miaka ambayo vizazi hivyo hafifu ndivyo vitakavyokuwa vikivuliwa. Kwa asiyeuza samaki, kayaki ndiyo hasara anayoweza kuimudu.