Pindo, mji na jina: kufungua faili la khanga kwenye simu

Khanga ninayoichora kwenye kompyuta si picha moja. Pindo lina leya yake, yaani tabaka lake peke yake ndani ya faili, mji una yake, jina lina yake, na ndani ya mji kila rangi naiweka peke yake, kwa sababu kiwandani kila rangi itataka skrini yake ya kuchapia. Kazi yangu ni khanga za sare: za harusi, za maulidi, za vikundi vya akina mama wanaoweka na kukopa. Wateja wangu karibu wote hawana kompyuta, wana simu. Mchoro wanaulipia, wanauidhinisha na kuutunza humo humo simuni, na mara nyingi hawajawahi kuona kilichomo ndani ya faili walilolilipia. Hilo linaniuma, kwa sababu linarekebishika.

Faili linaloishia na herufi PSD ni la Photoshop, programu ya kampuni ya Adobe iliyotoka mwaka 1990. Mwanzoni haikuwa na leya. Ukishaandika neno juu ya ua, neno na ua vilishikana moja kwa moja. Leya zilikuja na toleo la 3, mwaka 1994, na tangu hapo mchoraji anaweza kulisogeza jina la khanga bila kuugusa mji ulio chini yake. JPG, ambayo ndiyo picha ya kawaida ya simu, haina leya hata leo. Kila kitu ndani yake kimeshalazwa pamoja.

Sasa mteja akitumiwa PSD anaona nini? Leya zimekaa katikati ya faili, na mwishoni mwake huwekwa picha moja iliyokwisha kuunganishwa. Kwenye iPhone, ukiligusa faili ndani ya programu ya Files, utaonyeshwa picha hiyo ya mwishoni tu. Galari za simu nyingi za Android hazilionyeshi faili kabisa. Na kuna wachoraji ambao, ili faili liwe jepesi, huzuia picha hiyo isihifadhiwe. Hapo baadhi ya simu zitakuletea ukurasa mweupe wenye maelezo kwa lugha kadhaa kwamba picha ya pamoja haimo. Watu huogopa wakidhani kazi imepotea. Haijapotea, leya zote zimo.

Njia ninayowaelekeza wateja ni Photopea, iliyotengenezwa na Ivan Kutskir. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha, na faili linabaki ndani ya simu yako bila kupakiwa kwenye mtambo wa mtu mwingine. Kwa khanga ambayo haijatoka sokoni, hilo ni jambo kubwa. Unafungua faili, unatafuta orodha ya leya, na pembeni ya kila leya unakuta alama ya jicho. Gusa jicho la jina, maandishi yatoweke. Gusa la pindo, ubaki mji peke yake. Ukigusa la jina na maua ya jirani yakatoweka nalo, basi hukupewa leya za kweli, umepewa picha bapa iliyovishwa herufi za PSD.

Simu ndogo inaweza kugoma, na sababu yake ni hesabu. Khanga ya sentimita 150 kwa 110, ikichorwa kwa nukta 60 kila sentimita, ina nukta 9,000 kwa 6,600, yaani zaidi ya milioni 59. Kila nukta hutumia baiti nne: nyekundu, kijani, bluu na uwazi. Leya moja iliyojaa inakula takriban megabaiti 238 za kumbukumbu ikishafunguliwa, hata kama faili lilibanwa likaonekana dogo. Leya kumi ni zaidi ya gigabaiti mbili, na simu nyingi za bei nafuu hazina nafasi hiyo. Mwombe mchoraji nakala ya robo ya upana na robo ya urefu, yenye leya zile zile. Uzito wa kila leya unashuka hadi sehemu moja ya 16, na ukaguzi wako haupungukiwi kitu.

Kwenye WhatsApp nakala hiyo itumwe kama hati. Jina la khanga nalo libadilishwe kuwa umbo kabla ya kutumwa, la sivyo simu isiyo na fonti ile itaweka nyingine na mwandiko utageuka. Faili kubwa lenye maandishi yanayoharirika lidai pia, ulitunze.

Nalisisitiza hili kwa ajili ya kikundi kitakachotaka, baada ya miaka kadhaa, mji ule ule wenye jina jipya. Wenye leya watabadilishiwa jina siku hiyo hiyo. Wenye JPG watalipia mchoro upya, ua kwa ua.

Rangi tu ndiyo usiiamini kwenye simu. Kioo kinaonyesha mwanga, na kitambaa kinanyonya rangi kwa namna yake. Kwa hiyo leya zikague simuni, lakini kabla ya kuruhusu uchapaji wa mzigo mzima, dai kipande cha kitambaa kilichochapwa kiwandani.